Kijiti chenye Jina la Theopista

Jumatatu, 8 Juni 1970

Nimerudi kutoka Bukoba na sanduku la vifaa ambalo Nshamba haijawahi kuliona. Skwea ya chuma yenye mpini wa mti mweusi. Geji ya kuchorea mistari, skrubu yake ya shaba. Futi ya kukunja, mpya, haijapungua hata kipande. Fundi mwenzangu Nathanael akiviona atakosa hamu ya kula.

Sawa. Nimerudi na penseli.

Lakini vyote hivyo nilivishika kwa mikono yangu, na hilo si uongo. Mwenye duka aliniacha nivishike mpaka akachoka, akaniuliza kama nanunua au navibariki. Nikamweleza hali yangu. Futi yangu imevunjika kipande cha mwanzo, inaanzia inchi ya sita. Kila nikipima lazima nitoe sita, na siku nikisahau kutoa ndiyo siku mlango wa mtu unakataa kuingia kwenye fremu. Skwea niliiunga mwenyewe kwa mbao mbili, ikanyeshewa masika yote. Geji sina, natumia kidole cha kati, nacho kimejaa vibanzi. Pesa niliyonayo inatosha kitu kimoja. Nichukue kipi?

Yule bwana ana akili. Alisema futi unaweza kuikwepa kwa kijiti na kisu. Geji ni kipande cha mti na msumari, hata mlevi anaweza kujitengenezea. Lakini pembe ya mraba haibuniwi kichwani. Nunua skwea, mzee. Akanifundisha na namna ya kuijaribu: iegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikilalana, skwea ni ya kweli. Ikiachana, ni kuni.

Nikamwambia ngoja nitoke nje nifikiri kidogo.

Nje kulikuwa na mtu anauza miwani juu ya gunia.

Siandiki zaidi leo.

Jumatano, 10 Juni

Habari ya miwani. Nilijinunulia mwenyewe. Nimeijaribu nyumbani, nikaona haiyafai macho yangu, nikampa Theopista kwa kuwa ilikuwa inazagaa tu. Basi. Hakuna la zaidi.

Ameivaa kutwa nzima. Ameivaa akimenya ndizi za bitoke. Amekwenda kuangalia migomba tuliyoipanda mwaka tuliooana, akarudi akaniambia ina madoa. Akaniangalia na mimi kwa muda mrefu. Sikupenda.

Mke wangu anasoma. Serikali imesema mwaka huu kila mtu mzima ajue kusoma, basi wamama wote wanakwenda kisomo kwenye ghala la kahawa la ushirika, Jumanne na Alhamisi, kwa mwalimu Anatolia. Na mimi nilijiandikisha. Nilimaliza darasa la tatu kwa mapadri, lakini nilimwambia mwalimu kwamba sijui hata a, akanipa daftari la bure. Ndilo hili. Nilikwenda siku moja tu.

Shida ni magoti ya Theopista. Mwezi wa tano tulikwenda hospitali, na daktari akaniita pembeni. Akasema mama huyu asikae tena chini, mtafutie kiti cha kimo chake. Nilipotoka Theopista akaniuliza daktari kasemaje. Nikasema kasema tusali. Nilitaka iwe siri. Nikimwambia natengeneza kiti atakataa, kwa sababu ya kile kiti alichokalia katekista wetu mwaka juzi. Sitaki kukieleza.

Basi anakaa chini kwenye majani ghalani, na kisomo kikiisha anainuliwa na wamama wawili kama gunia la kahawa. Jana amesema ataacha. Amefika kwenye herufi s.

Hawezi kuachia kwenye s.

Ijumaa, 12 Juni

Kiti kinataka vipimo vitatu. Toka sakafuni mpaka chini ya goti. Toka mgongoni mpaka nyuma ya goti. Na egemeo, lifike wapi. Hivyo tu. Lakini huku kwetu fundi wa mbao hampimi mtu aliye hai. Fundi cherehani ruksa, anakuzungusha kamba huku unacheka. Mimi nikikusogelea na kamba, watu wanaanza kuuliza shimo litachimbwa lini.

Kwa hiyo nahitaji kumpima bila yeye kujua. Mwanzo nilitumia akili. Alikuwa amekaa kibarazani anachagua kahawa, jua linamwangaza. Nikapima kivuli cha mguu wake ardhini. Goti likatoka futi tatu kasoro. Nikafurahi kwamba nimeoa mwanamke mrefu. Baadaye nikakumbuka kwamba ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Nikarudi na ukambaa wa mgomba, nikajifanya nafukuza siafu mguuni pake. Hakukuwa na siafu. Akanipiga na ungo, akasema tumezeeka, Baba Kemilembe, na kweupe hivi majirani wanatuona.

Nimeweka ukambaa mfukoni. Hauna fundo hata moja.

Jumapili, 14 Juni

Nimefaulu! Kanisani.

Benchi la kanisa halina kivuli, na Theopista hukaa palepale kila Jumapili, ukingoni upande wa wanawake, benchi la nne. Nilikaa benchi la tano. Wakanitazama. Nikawaonyesha sikio langu, kwamba hili ndilo linalosikia, na mimbari iko upande huu. Mahubiri yalipoanza nikaangusha rozari, nikashuka kuitafuta, na kijiti kikiwa ndani ya mkono wa koti.

Kazi safi. Kijiti wima sakafuni, mkato mmoja wa kisu penye nyuma ya goti. Nikakilaza, mkato wa pili, urefu wa paja. Kwa egemeo ilinibidi nijinyooshe kidogo, hapo Klaudia jirani yetu akanikanyaga vidole, nadhani kwa makusudi. Mkato wa tatu umekwenda upande, lakini upo.

Theopista hakugeuka. Alisema polepole, akiwa anamtazama padri, kwamba nitoke huko chini kabla Mungu hajaniona.

Huyo mwenye duka alisema kweli. Kijiti hakina inchi za kusahau. Hakuna kutoa sita. Ukubwa wa mtu umelala pale kwenye mti, wewe unauhamishia kwenye ubao, umemaliza. Geji nayo nimeitengeneza baada ya chakula: kigongo, tundu, msumari. Inachora mstari kama ya dukani, ukiishika vizuri na usipopumua.

Karakana ina vijiti vingi, kimoja cha mlango wa shule, kimoja cha dirisha la Klaudia. Ili nisivichanganye, nimechukua penseli mpya nikaandika kwenye hiki, herufi kubwa: THEOPISTA.

Jumatano, 17 Juni

Mbao za muhumula nimezipanga. Miguu minne nimeikata. Skwea yangu nimeijaribu kwa ile njia ya Bukoba, na mistari iliachana kidogo. Kidogo sana. Nikaijaribu tena nimefumba jicho moja, ikawa nzuri.

Jana Theopista alikuja karakana kuchukua vumbi la mbao la kuwashia moto. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwa Nathanael namchungulia. Yule Mlutheri ametundika vifaa vyake vyote ukutani, na kila kimoja amekichorea umbo lake kwa chokaa, ili kikiondoka ukuta wenyewe umdai. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na furaha.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Theopista ananingoja. Aliniandalia chakula, akaninawisha mikono mwenyewe. Miaka mingapi hajaninawisha! Nadhani ni miwani. Sasa anaona vizuri alichooa.

Ijumaa, 19 Juni

Mke wangu amelainika kabisa, sijui niseme nini. Jana hakwenda kisomo. Alisema haina haja. Badala yake alinikalisha jikoni, akanifundisha kupika bitoke na maharage. Nimenye vipi nisikate vidole. Maharage kwanza, bitoke baadaye. Jani la mgomba nilipitishe kwanza juu ya moto ndipo nifunike, lisipasuke. Nilimwuliza ya nini yote haya, mimi mwanamume nina mke. Akasema mtu hujifunza.

Nilikata kidole. Alikifunga yeye, akakishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Leo amenionyesha mahali anapoficha mbegu za maharage. Miaka yote hii zilikuwa juu ya kichwa changu, darini! Akanionyesha mkungu upi wa pombe ya rubisi ukatwe kwanza na upi ungoje. Akasema nisimwuzie Klaudia kahawa ikiwa mbichi hata akinililia. Chungu chake kikubwa amempa huyo huyo Klaudia. Nilitaka kukasirika, akaniambia kwa upole tu kwamba wewe Ildefons hutapikia watu wengi.

Ameniita Ildefons. Mara ya mwisho ilikuwa mbele ya padri, siku ya ndoa.

Naona wazi kwamba amekiri ukuu wangu. Ndiyo faida ya mwanamume kukaa na siri, anakuwa na mvuto. Nimekaza kazi. Miguu imeshasimama. Mitatu inaelewana.

Jumatatu, 22 Juni

Siku mbaya, na nitaiandika ilivyokuwa.

Mchana alikuja Nathanael. Amevaa koti la Jumapili, na leo ni Jumatatu. Akavua kofia mlangoni. Nikaificha ile miguu ya kiti kwa gunia, nikamkaribisha, nikampa kahawa ya kutafuna. Alitafuna mpaka nikadhani amesahau alichokuja kusema.

“Waitu, Lwakatare,” akasema kwa heshima. “Mama alikuja kwangu.”

Nikamwuliza mama yupi.

“Mama Kemilembe. Ameniomba nimtengenezee sanduku.”

Nikasema sanduku la nguo hata mimi naweza.

“Si la nguo. Lake la mwisho. Anasema hataki ulitengeneze wewe. Anasema skwea yako imepinda, na yeye hataki kulala upande mpaka siku ya ufufuo.”

Hapa naandika kitu cha aibu. Nilianza kuitetea skwea. Nilisema imenyeshewa tu, nilisema mistari haiachani kiasi hicho, nilisema yeye Nathanael amwonyeshe mtu mmoja aliyelalamika. Nilisema mengi. Aliniacha. Nilipoishiwa ndipo yale maneno mengine yakanifikia, la mwisho, ufufuo, nikakaa chini kwenye vumbi la mbao.

Nikamwuliza kwani anaumwa nini. Akasema mama alimwambia kwamba daktari alinena na mimi pembeni, na mimi nikasema tusali. Kwamba nilimpima goti nikisingizia siafu. Kwamba nilimpima hata kanisani, mbele ya Sakramenti. Na kwamba Jumanne ameingia karakana akakuta kijiti kina jina lake.

Nikasema Theopista hajui kusoma.

“Sasa anajua,” akasema Nathanael.

Mawe, mama yangu wee!

Nikakifunua kile kiti. Nathanael akakitazama. Akaomba skwea yangu, akachora mstari kwenye ubao, akaigeuza, akachora tena. Alinipa tu kofia yangu, kwa kuwa nilikuwa natoka bila kofia.

Theopista alikuwa uani, anageuza kahawa kwenye mkeka, amevaa miwani. Nilikuwa nimekibeba kiti kichwani, nikakiweka mbele yake. Kikayumba, kikatulia upande mmoja. Alikitazama, akanitazama.

“Hiki ndicho ulichonipimia?”

“Ndicho.”

“Na daktari?”

“Alisema nikutafutie kiti. Usikae tena chini.”

“Tangu mwezi wa tano?”

Nikasema ndiyo. Akachota kahawa konzi mbili, akanirushia zote, moja moja. Sikukwepa. Punje moja ilinipata kwenye sikio lile linalosikia. Halafu akafunika uso na khanga, na mabega yake yakatikisika, na mimi sikujua kama ni kilio au ni kicheko mpaka alipofunua. Vilikuwa vyote viwili.

Nikamwambia nilikuwa naogopa atakataa. Akasema angekataa, naam. Nikamwambia nilidhani ananipenda kwa sababu ya miwani. Akasema nimekuwa mjinga tangu ujana wangu, na kwamba wiki nzima hii amekuwa akilia jikoni. Hakujililia yeye. Aliulilia ule moto, kwa namna nilivyokuwa naupuliza.

Nikamwuliza ni nani aliyemsomea kile kijiti.

“Nimesoma mimi.”

“Peke yako?”

“Peke yangu. Lilikuwa jina langu, na mahali hapo mwalimu hakuliandika.” Akavua miwani, akaifuta. “Nilifurahi kwanza, Baba Kemilembe. Nilikaa kwenye vumbi lako nikafurahi. Ndipo nikaona kwamba ni kijiti.”

Nikaenda kukileta. Nikamwambia asome tena. Akaweka kidole chini ya herufi, akasoma. Nikamwambia mara nyingine. Akasoma. Nathanael alikuwa amesimama penye migomba na kofia yake mkononi, amegeukia upande mwingine, anasoma migomba.

Alhamisi, 25 Juni

Juzi Nathanael alikuja na skwea yake. Ameniazima. Masharti matano, nimeshasahau matatu. Tumekata miguu upya, kila mstari kwa skwea yake, kila kimo kwa kijiti changu. Futi yake ya mita nilimwambia airudishe ukutani kwake. Geji yangu ya msumari aliigeuza geuza, akaijaribu, akauliza msumari ni wa ngapi. Nimeandika hapa ili isije ikasemwa kwamba niliota.

Alichonga egemeo yeye. Tuligombana kidogo kuhusu mkato wa tatu, ule wa kanisani, ambao ulikwenda upande. Theopista akaja akajikalisha mwenyewe, akasema hapa, na akaweka kidole. Basi ikawa hapo. Jambo rahisi sana, sijui kwa nini mafundi hatuulizi.

Leo nimekibeba kiti kichwani mpaka ghalani. Theopista aliona aibu kukaa juu wakati wenzake wako kwenye majani, akasema watamwita mke wa mkuu wa wilaya. Klaudia akasema wataanza leo leo. Wakacheka, na yeye akakaa. Nyayo zote mbili zimefika chini, goti limekaa mraba. Nimeangalia kwa jicho moja, halafu kwa yote mawili.

Kisomo kilipokwisha aliinuka. Akashika ukingo wa kikalio, akainuka, hakuna aliyemshika. Wale wamama wawili walikuwa wameshanyoosha mikono, ikabaki inaning'inia hewani.

Wako kwenye u. Chungu bado kiko kwa Klaudia. Theopista amesema atakidai mwenyewe, kwa barua.

Jumamosi, 27 Juni

Nimepata wazo zuri sana.

Kitanda chetu ni kifupi. Theopista hukunja miguu usiku kucha, na magoti ya namna ile hayafai kukunjwa. Kiti ni cha mchana, na usiku je? Muhumula umebaki wa kutosha. Skwea ya Nathanael bado iko kwangu, chokaa ya ukuta wake ingoje. Na sitamwambia mtu. Siku ya Petro na Paulo ndiyo hiyo Jumatatu, atatoka kanisani, atakuta kitanda kipya kimetandikwa. Safari hii siri yangu itakaa imara, kwa sababu makosa ya safari ile nimeyajua: niliandika jina. Sasa siandiki jina. Nitachonga msalaba mdogo tu mwishoni mwa kijiti, mimi mwenyewe nitajua ni cha nani.

Kinachotakiwa ni kipimo kimoja, toka utosini mpaka kisiginoni. Kamba ninayo. Lakini lazima awe amelala chali, amenyooka vizuri, mikono kifuani isinizuilie kamba.

Kwa hiyo Mtakatifu Yosefu, wewe ni fundi mwenzangu. Kwaresima iliyopita kidole gumba cha sanamu yako kilivunjika, nikakigundisha, sikudai hata asante, wala sikumwambia padri kwamba ni mimi niliyekivunja. Nakuomba kitu kidogo tu. Kesho baada ya chakula, mpe Theopista usingizi. Nusu saa inatosha.